Aliyekuwa Akiitwa

Jambo lote lilinigharimu kuku wawili, viboko sita, na miezi mitatu ya kaka yangu kutonisemesha. Viboko nilivihesabu mara mbili: mara ya kwanza vikishuka, na mara ya pili nikiwa njiani kurudi nyumbani, kwa kuipapasa miguu. Hesabu ikalingana. Kuku nao nawahesabu upya kila ninapoinusa ile harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto, harufu nzito inayopanda kutoka kwenye beseni na kung'ang'ania vidoleni mpaka kesho yake. Wengine harufu hiyo huwakumbusha Idi. Mimi hunikumbusha chaki, na daftari la mahudhurio lenye jalada la buluu.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya Mahurunga na Kitaya, pale ambapo Ruvuma ikijaa huingia kwenye mihogo ya watu bila kupiga hodi. Ilikuwa miaka ile bandari ya Mtwara ilipokuwa bado mpya, na baba yetu alikuwa huko akibeba magunia ya korosho. Tulimwona mara mbili kwa mwaka. Mwenye neno nyumbani alikuwa Mjomba Hamisi, kaka yake mama, na hata baba angekuwapo, neno lingekuwa la Mjomba vilevile. Kwetu watoto ni wa upande wa mama.

Shule ilikuwa chumba kimoja chenye madarasa mawili: la tatu upande wa madirisha, la nne upande wa mlango. La tatu tulikuwa ishirini na mmoja, la nne kumi na saba. Kati ya hao thelathini na wanane, wasichana tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa la tatu, kaka yangu Bakari la nne. Mwalimu wetu, Mwalimu Mbwambo, alikuwa mtu wa Upareni, mrefu, mwenye koti moja ambalo hakulivua hata joto la Machi lilipotuyeyusha sote. Serikali ilimtuma aje atufundishe Kiswahili sisi ambao tuliota, tulicheka na kutukanana kwa Kimakonde.

Muhula ule alitufundisha virejeshi. Yeye mwenyewe aliviita mikia. "Kila kitenzi kina mkia," alisema. "Asomaye, mkia uko mwisho. Anayesoma, mkia uko tumboni." Tulicheka, maana hatukuwahi kumwona mnyama mwenye mkia tumboni. Akatuandikia ubaoni, tukaimba kwa sauti moja mpaka mbuzi waliokuwa nje wakajibu: ye-o, o-yo, lo-yo, cho-vyo, yo-zo. Kuimba kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kutumia. Wengi wetu tulishika "ambaye" na kuipachika kila mahali kama kiraka kimoja kwenye nguo zote.

"Kiti ambaye kimevunjika," mmoja alisema.

"Ambaye?" Mwalimu akamkazia macho. "Hiki kiti ni shemeji yako?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi mwache shemeji yako alipo. Kiti ambacho! Kiti kilichovunjika!"

Mimi mikia ilinikaa mapema. Nilikuwa nikimsaidia mama kuuza dagaa na mihogo mikavu gulioni, na gulioni huwezi kuishi bila maneno hayo. Yule aliyechukua jana bila kuleta kikapu. Ile ya juu uliyoigusa, siyo ya chini uliyoificha. Mwalimu alipoona jambo hilo, na alipoona pia kwamba nilimsahihisha hesabu ya wanafunzi kwa sababu alisahau kujumlisha mtoto aliyekwenda haja, akaanza kunipa daftari la mahudhurio nilibebe. Aliwahi kusema neno moja ambalo nililiweka kama mtu anavyoweka kisu: "Mtu hata usipomtaja jina, kirejeshi kitamleta mbele yetu na tutamjua."

Likizo ya mavuno ikaja, wavulana kumi na mmoja wa shule yetu wakaingia jandoni. Walikaa porini kwenye kibanda chao, huko ambako sisi wasichana hatukuruhusiwa hata kuutazama moshi wake. Siku ya kutoka, kibanda kilichomwa moto, na kila kitu cha utoto kiliungua humo: mikeka, nguo kuukuu, na jina. Wakarudi wamenyolewa, wamepakwa mafuta, wamevaa nguo mpya, na kila mmoja ana jina jipya ambalo mama zao waliliimba njia nzima. Hapo ndipo kaka yangu alipokuwa Bakari. Jina lake la kwanza siliandiki hapa. Kwetu, anayelitaja jina lililoungua amemtukana mtu mzima kwa kumrudisha utotoni, na hulipa kuku. Nilionao sasa ni watatu, na wote wanataga.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Mbwambo alilifungua daftari lake, akaita jina la kwanza. Kimya. Akaita tena. Mvulana ambaye jina hilo lilikuwa lake, na ambaye alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka mezani, akanyanyuka kwa heshima.

"Hayupo, Mwalimu. Aliungua."

Chaki ikaanguka. "Aliungua? Lini?"

"Alhamisi, Mwalimu. Na wenzake kumi."

Maskini, Mwalimu alishika kichwa. Nadhani alikuwa anatafuta dua. Nikamwonea huruma. "Yaliungua majina, Mwalimu," nikasema. "Wenyewe ndio hawa."

Alipoelewa, alikasirika kama mtu aliyelizwa kwenye msiba wa uongo. Akasema daftari ni la Serikali, na yeye hana ruhusa ya kufuta jina wala kuandika jingine. Ataandika barua ofisini Mtwara, na mpaka jibu litakapokuja kila mmoja ataitika jina lililomo. Asiyeitika atachorewa kosa, ile alama ya mikato miwili, na atahesabiwa hayupo.

Wakachorewa. Siku ya kwanza makosa kumi na moja, ya pili kumi na moja. Kumi kati ya wale wavulana walikuwa la tatu pamoja nami, nao walikuwa na mwaka mzima wa kuisubiri barua. Lakini Bakari alikuwa la nne, na mwisho wa mwaka ule ulikuwa na mtihani wa kwenda shule ya kati Mikindani. Aliyefikisha siku arobaini za kutokuwepo alikatwa, hafanyi mtihani. Kaka yangu alikuwa wa kwanza darasani. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa Mikindani, na kila asubuhi alikaa kwenye dawati lake akihesabiwa kwamba hayupo.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alimwita Bakari pembeni, akamwambia aitike kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa.

"Nikiitika, Mwalimu, nitakuwa nani nikitoka nje?" Bakari alimjibu.

Mjomba Hamisi naye alikwenda shuleni na kofia yake mpya. Akasalimia kwa kirefu, akauliza habari za Upareni, kisha akasema, "Mwalimu, huyo unayemwita sisi tulikwisha kumuaga. Huyu uliyenaye hujamwita." Akaaga, akaondoka. Kosa likaendelea kuchorwa.

Siku ya kumi na tatu, Mwalimu alikuwa akihangaika na hesabu za darasa la nne, akanirushia daftari. "Soma wewe." Nami kwa pupa ya mtoto aliyepewa cheo, nikafungua, nikasoma la kwanza nililoliona. Lilikuwa jina lililoungua la mvulana wa jirani. Nilipokiona kichwa chake kinageuka, nilikwisha kulitamka lote, mpaka herufi ya mwisho.

Jioni ile mjomba wa mvulana huyo alikuja kwetu. Akakaa barazani, akaongea juu ya mvua, akaongea juu ya nguruwe mwitu wanaokula mihogo, akanywa maji. Alipoondoka, aliondoka na tetea wangu. Tetea ambaye nilimlea tangu yai, niliyempa jina, na ambaye jina lake halikuwa limeungua popote. Mama hakunitazama. Mjomba Hamisi alisema, "Mdomo wako umemla kuku wako kabla ya mwaka kwisha."

Mtoto mwingine angelia. Mimi nilikaa nikapiga hesabu. Wavulana kumi na mmoja, kuku kumi na mmoja. Sina kuku hao. Lakini daftari ninalo, na kesho nitapewa tena.

Kesho yake nilipewa. Nilisimama mbele ya darasa, nikafungua daftari nikaliegemeza kifuani, na sikulitazama. Ubaoni sentensi za jana zilikuwa bado hazijafutwa. Nikapaza sauti:

"Aliyeanguka kisimani akatoka na ndoo!"

Kisha, kutoka dirishani: "Nipo!"

"Ambaye mbwa wake alikula mkeka wa Imamu!"

"Nipo!" Watu wakaanza kucheka.

"Aliyeapa kwamba haogopi nyoka, akapanda juu ya dawati!"

"Nipo, lakini alikuwa mkubwa!"

Sikutaka kuwabagua waliotoka jandoni, kwa hiyo niliwaita wote thelathini na wanane hivyo hivyo, na wasichana wenzangu, na mimi mwenyewe: "Anayewaita!" Nikajiitikia. Nilipofika kwa kaka yangu nilishusha sauti kidogo. "Aliyenivusha mtoni mabegani maji yalipojaa."

Bakari alinyanyuka. "Nipo," akasema, na sauti yake mpya ya kiume ilitoka nusu tu.

Sikujua kwamba Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikula viboko sita kwa kulifanyia mzaha daftari la Serikali. Alipomaliza, akaniuliza kama nina la kusema. Watoto wenye akili husema hapana.

"Ninalo, Mwalimu. Ulisema kirejeshi kitamleta mtu mbele yetu na tutamjua. Nimewaleta thelathini na wanane. Wahesabu."

Akanitazama.

"Daftari linauliza yupo au hayupo," nikaendelea, nikiwa nasugua miguu. "Haliulizi ameitika nini. Mchoree vema kila aliyeitika. Kama Serikali haitaki, itafuta."

Mwalimu Mbwambo alikaa kitini. Akatoa penseli mfukoni mwa lile koti. "Kwa penseli," alisema. "Na kesho usirudie ya mbwa. Imamu ni rafiki yangu."

Hivyo ndivyo darasa letu lilivyojua virejeshi kuliko shule yoyote ya bonde lile. Kila asubuhi nilipaswa kumtafutia kila mtu sentensi mpya, na yule aliyeipenda yake aliibeba siku nzima. Wengine waliniletea korosho ili niwaseme vizuri. Nilizipokea. Wengine waliniletea korosho ili niwaseme vibaya wenzao, hao niliwatoza zaidi.

Barua ya Mtwara haikuja. Aliyekuja ni Mkaguzi.

Alikuja na gari lililojaa vumbi jekundu, mtu mfupi mwenye kalamu ya wino iliyochomekwa kifuani kama nishani. Akalishika daftari. Alipozifikia alama zetu, akaleta uso karibu na ukurasa.

"Hizi ni nini?"

"Mahudhurio, Bwana," Mwalimu akasema.

"Alama za penseli mimi sizioni. Nisichokiona ni kosa." Akahesabu kwa ncha ya kalamu, na mimi nikahesabu pamoja naye kutoka mbali. Arobaini na tatu. Nikarudia. Arobaini na tatu. "Huyu wa darasa la nne anakatwa," akasema.

Mwalimu alimweleza. Alieleza vizuri, na siku ile nilimsamehe viboko vitatu. Mkaguzi alisikiliza, kisha akasema yeye hana ugomvi na mila za mtu. Anachokitaka ni kitu kimoja tu: kwamba aliyeandikwa na aliyekaa hapa ni mtu mmoja. "Nitamwita mara moja. Aitike mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwao alitaje jina hilo mbele yangu na kusema ndiye huyu. La sivyo, nina safari."

Akaita. Jina lile lilitoka kinywani mwake kavu, kama jina la kijiji asichokijua.

Bakari alisimama wima. Macho yake yalikuwa ukutani. Wale wavulana kumi walikuwa wakimtazama, na nje, kwenye ukuta mfupi, Mjomba Hamisi na wenzake watatu waliokuja kulitazama gari walikuwa wakimtazama pia. Mkaguzi akafungua kifuniko cha kalamu.

Mtu wa nyumbani. Nikatazama dirishani kwa Mjomba. Mjomba akatazama gari.

Nikanyanyuka. Sauti ilikuwa ile ya gulioni. Nikasema, "Bwana, aliyekuwa akiitwa..." nikalitaja. Lote. Mbele ya wanaume wanne na watoto thelathini na saba. "Aliyekuwa akiitwa hivyo, ambaye ninyi mmemwandika humo, ndiye huyu anayeitwa sasa Bakari. Ni kaka yangu. Mimi ni mtu wa nyumbani kwao."

Mkaguzi alinitazama, akatazama dirishani, akaandika. Kwa wino.

Kesi yangu ilisikilizwa jioni ile barazani. Nilijitetea kadiri nilivyoweza. Nilisema sikumwita, nilimsema tu aliyekuwapo zamani, na maneno ya namna hiyo Mwalimu anayo ubaoni.

"Umelitaja au hukulitaja?" Mjomba aliuliza.

"Nimelitaja, Mjomba, lakini lilikuwa na kamba mbele na nyuma."

Mmoja wao alicheka mpaka akakohoa. Kisha wakamchukua jogoo. Nilikuwa na tetea mmoja na jogoo mmoja. Ufugaji wangu ukaishia hapo. Bakari hakunisemesha mpaka mwisho wa mwaka. Alinipita mlangoni kama anavyopita mtu kisiki alichokizoea. Akafanya mtihani, akashinda, akaenda Mikindani na sanduku la bati, na siku ya kuondoka aliniambia neno moja: "Haya." Nililipokea. Nilidhani ni rubuni, malipo ya kutanguliza, na mengine yatafuata.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hesabu yenyewe iko hapa.

Mwaka uliofuata niliingia darasa la nne, na likizo ya mavuno ilipofika, wakanipeleka unyagoni. Nami nikatoka nimepakwa mafuta, jina langu la kwanza limebaki huko lilikobaki, na jipya ni Somoe. Niliporudi shuleni, Mwalimu Mbwambo alikuwa amehamishwa na koti lake. Mwalimu mpya alikuwa kijana mwenye haraka. Aliita jina la daftarini, nikanyamaza. Niliposema naitwa Somoe, alisema Somoe hajaandikishwa.

"Lete mtu wa kwenu," akasema, "alitaje jina lililomo humu, aseme ndiye wewe."

Baba alikuwa Mtwara. Mama alisema si kazi ya mwanamke kwenda kusema shuleni. Mjomba alisema darasa la tatu linamtosha msichana kujua kusoma barua, na barua haandikiwi. Lakini Bakari alikuwa bado nyumbani likizo, mwenye viatu, mwenye kaptura ya shule ya kati. Nilimwomba, akaja nami. Njiani tulikata majani ya miwa tukacheza, kama zamani.

Tulisimama mlangoni. "Huyu ni nani?" Mwalimu akamuuliza.

"Dada yangu, Mwalimu."

"Naona. Humu daftarini ni nani?"

Nilimtazama kaka yangu. Sentensi nilikwisha kumpa mwaka uliopita, nzima, ilikuwa imebaki kujazwa jina tu. Aliyekuwa akiitwa. Ndiye huyu. Bakari alitazama viatu vyake. Ndani watoto walikuwa wakitutazama, wengi wao wale wale. Nikahesabu mpaka thelathini, nikarudia kuhesabu. Mwalimu akasema ana darasa la kufundisha. Tukarudi nyumbani.

Makosa yangu yaliendelea kuchorwa mpaka ukurasa ukaisha. Najua, kwa sababu nilikuwa nachungulia dirishani.

Kwa miaka mingi nilisema kaka yangu aliogopa faini. Nikakua, nikauza samaki na korosho kwenye geti la bandari, nikabishana na wenye maduka wa Mikindani na wenye malori wa kila kabila, na hiyo kazi ikanifundisha kumsoma mtu anapotazama viatu. Bakari hakuogopa. Alipiga hesabu kama mnunuzi, na mimi na darasa langu la nne hatukufikia bei ya kuku mmoja. Hakuwa peke yake. Mjomba aliyekuwa akitazama gari, mama aliyesema si kazi yake, wote walipiga hesabu hiyo hiyo wakapata jibu hilo hilo. Aliyekosea jibu nilikuwa mimi, mwaka mmoja kabla, niliposimama. Nami ningekosea tena leo.

Kaka yangu alifanya kazi ya makaratasi bandarini mpaka akastaafu. Ni mzee anayeheshimika, na wajukuu zake hunishika mkono wakipiga magoti. Mwaka juzi, kwenye harusi ya mmoja wao, nilimkumbusha kwamba kuna deni.

"Dada Somoe," akasema, huku akicheka mbele ya wageni, "kwa kuku wawili tu! Nitakuletea wanne."

Sikuwapokea. Kaka Bakari, najua kitabu hiki watakusomea, maana macho yako yamechoka, basi mwambie anayekusomea apunguze mwendo. Waliolijua jina langu la kwanza nimewahesabu mara mbili. Baba na mama walikwenda, Mjomba akawafuata, makungwi walionitoa unyagoni na waliosoma nami wamekwisha wote, na lile daftari la buluu mchwa walilila. Tumebaki mimi na wewe. Nilipe. Simama hapo ulipo, mbele ya hao wajukuu, useme sentensi yote mpaka mwisho, ulitaje. Kuku wa faini nitamtoa mimi.